Umbali kati ya makundi: historia fupi ya kipimo kimoja

Mtafiti akipima watu wa makundi mawili kwa vigezo vingi, kama vile urefu wa mwili, upana wa kichwa na urefu wa pua, atawezaje kusema kwa nambari moja kwamba makundi hayo yanakaribiana au yanatengana? Swali hilo lilimfikia Prasanta Chandra Mahalanobis, mwalimu wa fizikia huko Calcutta, mwaka 1920, pale Nelson Annandale, mtaalamu wa elimu ya wanyama, alipomkabidhi vipimo vya Waanglo-India wa mji huo.

Mwaka uliofuata kilitolewa London kizigeu cha Karl Pearson cha mfanano wa mbari. Kizigeu hicho kilijumlisha tofauti za kila kipimo kana kwamba kila kimoja kinasimama peke yake. Lakini mwenye mkono mrefu kwa kawaida ana mguu mrefu pia. Anayehesabu vyote viwili amehesabu, kwa sehemu kubwa, jambo moja mara mbili. Tena jibu lilikua kadiri watu waliopimwa walivyoongezeka, hata kama makundi yenyewe hayakubadilika. Mahalanobis alikataa mambo hayo mawili, na mwaka 1936 akachapisha umbali wake wa jumla, unaojulikana kama D², ambao unazingatia jinsi vipimo vinavyofuatana.

Umbali huo, hata hivyo, una sharti ambalo wanafunzi wetu hulisahau upesi (nasi walimu pia): vipimo vifuatane kwa namna moja katika makundi yote mawili. Ikiwa urefu na uzito vinafuatana sana katika kundi moja na kwa shida katika jingine, basi tofauti iliyopo si ya wastani tu bali ni ya uhusiano wenyewe, na nambari moja itaificha. Mwaka 1949 George Box alitoa jaribio la kulichunguza sharti hilo. Sisi wa isimu tunaolinganisha lahaja kwa sifa nyingi za matamshi na msamiati tunadaiwa uchunguzi uleule.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna jaribio linalolifikia. D² hupokea makundi kama yalivyoletwa, wala haiulizi ni nani aliyeyagawa. Jean Hiernaux, mtaalamu wa anthropolojia kutoka Ubelgiji, alichapisha mwaka 1956 uchambuzi wake wa maumbile ya watu wa Ruanda-Urundi na Kivu. Wakati huo, nchini Rwanda, utawala wa kikoloni ulikuwa umekwisha kuandika kabila la kila mtu katika kitambulisho tangu miaka ya 1930; mpimaji alikuta mipaka imechorwa. Hiernaux huyohuyo, baada ya kupima kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1964 kwamba dhana ya mbari haifai kuainisha binadamu. Vitambulisho vya Rwanda viliendelea kutaja kabila hadi mwaka 1994.