Nakala Kuukuu na Uhakiki wa Fasihi: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Awasi

Utangulizi
Mtahiniwa wa leo aghalabu huisoma kazi ya fasihi kupitia mwongozo au nakala aliyotumiwa kwenye simu. Katika nakala nyingi za aina hii, ukurasa wa hakimiliki umeachwa nje. Makala haya yanashikilia kwamba ukurasa huo ni sehemu ya historia ya fasihi, na kwamba anayeukosa huweza kupotoka katika uhakiki wake. Tunamwazia mwalimu wa Awasi, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kericho, ila hoja yenyewe inamhusu kila mwalimu wa Kiswahili.

Kitabu katika ufuo wa Ziwa
Uchapishaji katika eneo hili uliingia kwa mlango wa misheni. Waadventista waliofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906 walileta baadaye mtambo wa kuchapia, wakatoa maandishi kwa Dholuo. Mwaka 1948 ukoloni ulianzisha East African Literature Bureau. Ni mashindano ya uandishi ya shirika hilo ya 1957–58 yaliyomtunuku Muhammad Said Abdulla, na Mzimu wa Watu wa Kale ikatoka mwaka 1960. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika nalo lilifikia kikomo. Kenya Literature Bureau ikaundwa mwaka 1980. Mjini Kisumu, Asenath Bole Odaga, mwandishi aliyefariki mwaka 2014, aliendesha kampuni ya uchapishaji na duka la vitabu. Jina la mchapishaji kwenye jalada, basi, hutuambia ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuamua kipi kisomwe.

Tarehe na tafsiri ya kazi
Tuchukue mfano wa Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1968. Mhusika mkuu anauacha mji na kazi yake, anakwenda kulima. Mtahiniwa anayeijua tarehe hiyo pekee hushawishika kusema kwamba riwaya inalijibu Azimio la Arusha la Februari 1967. Hoja hiyo inavutia, lakini haisimami: mwandishi alifariki Juni 1962. Linaloweza kujadiliwa ni kwa nini riwaya hiyo ilipata wasomaji wakati ule, wala si kwamba iliandikwa kwa ajili ya Azimio. Vivyo hivyo, Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela ilichapishwa London mwaka 1934. Mahali hapo pa kuchapishwa panamtaka mhakiki aulize jinsi historia ya utumwa ilivyosimuliwa chini ya macho ya wakoloni. Anayesoma toleo la baadaye bila kuijua tarehe ya kwanza hataliuliza swali hilo.

Nani anahifadhi?
Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya maelfu ya vitabu adimu vilivyochapishwa kabla ya 1900. Leo vimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Nairobi. Mwalimu wa kawaida hana uwezo huo. Vitabu vyake vina maadui wengi: mchwa, unyevu, na mafuriko ya Mto Nyando yanayovamia uwanda wa Kano. Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, ni mazoea yetu. Vitabu teule vinapobadilishwa, vya zamani hutupwa stoo, na kurasa zake huishia kufungia njugu sokoni.

Teknolojia si hasimu. Chuo cha SOAS, London, kimeweka miswada ya Kiswahili mtandaoni, na msomaji wa Awasi anaweza kuiona. Lakini picha hiyo ipo kwa sababu kuna mtu aliyeutunza mswada wenyewe kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hitimisho
Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara ihifadhi angalau nakala moja ya kila kitabu teule kilichoondolewa. Pili, mwalimu apitie kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba. Toleo la zamani huenda likauzwa huko kwa bei ya chini kuliko mwongozo. Tatu, somo la kwanza la kila kazi lianzie kwenye ukurasa wa hakimiliki: nani alichapisha, wapi, lini, na je, mwandishi alikuwa hai?

Swali la mjadala: “Tarehe ya kuchapishwa si tarehe ya kuandikwa.” Jadili athari za kauli hii katika uhakiki wa riwaya mbili ulizosoma.