Ripoti Pungufu

Nchini Marekani, mwajiri mwenye mpango wa mafao ya wafanyakazi, uwe wa akiba ya uzeeni au wa bima ya afya, mara nyingi hutakiwa kupeleka serikalini ripoti ya kila mwaka iitwayo Fomu 5500. Ripoti ikifika bila sehemu ambayo sheria inailazimisha, naiita ripoti pungufu.

Wapo wanaopenda kusema "ripoti yenye kasoro". Kasoro inaweza kuwa tarakimu iliyokosewa au jina lililoandikwa vibaya. "Pungufu" inabainisha kwamba kilichopaswa kuwamo hakimo, na hilo ndilo linalomponza msimamizi wa mpango.

Tuchukue mpango wa akiba ya uzeeni wenye washiriki 300, ambao mwaka wake wa hesabu huisha Desemba 31. Ripoti inatakiwa ifike kabla Julai 31 haijapita. Msimamizi anaituma kwa mtandao siku hiyohiyo, majedwali yote yamejazwa, ila hakuambatisha ripoti ya mkaguzi huru wa hesabu, ambayo sheria huidai kwa mpango mkubwa kama huu. Wizara ya Kazi inaweza kuikataa kwa barua na kumpa siku 45 airekebishe. Zikipita bila marekebisho, kisheria ripoti huhesabiwa kuwa haikuwasilishwa kabisa. Faini hukokotolewa kwa siku, tena tangu Julai 31 ilipopita, wala si tangu barua ilipoandikwa. Kwa mwaka 2025, kiwango cha juu kilikuwa dola 2,739 kwa siku. Mamlaka ya kodi nayo ina adhabu yake kwa ripoti ya mpango wa uzeeni isiyowasilishwa: dola 250 kwa siku, hadi kufikia dola 150,000.

Faini ya Wizara humwangukia msimamizi mwenyewe. Haruhusiwi kuilipa kwa kuchota fedha za mpango, maana fedha hizo ni za wafanyakazi.

Ukali huu una chimbuko. Mwaka 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilifunga kiwanda chake cha South Bend, Indiana, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza pensheni zao, wengine zote, wengine sehemu kubwa. Kilio chao kilichangia kuzaliwa kwa sheria ya ERISA, ambayo Rais Gerald Ford aliisaini Septemba 2, 1974. Sheria hiyo ilikusudia hali ya mfuko ijulikane mapema, kabla mfanyakazi hajastaafu. Ripoti isiyo na ukaguzi inamnyima mfanyakazi ushahidi wa mtu asiye na maslahi kuhusu fedha zake.

Kwa hiyo Mswahili aliyeajiriwa Marekani na kukatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya uzee wake asiogope kumwomba msimamizi nakala ya ripoti hiyo. Ni haki yake kisheria. Akiipata, na mpango ni mkubwa, kwanza atafute maoni ya mkaguzi. Yakikosekana, aulize kwa maandishi.