Ujerumani Mashariki: kanchi kadogo kalikotuletea ugomvi

Mitihani inabisha hodi lakini leo akili imegoma kabisa kukariri, kwa hiyo wacha nimwage historia kidogo. Wiki hii kwenye semina kulizuka ubishi mkali: kwa nini Wajerumani wa Mashariki walikwenda kujenga maghorofa Kikwajuni na kuchora ramani ya Michenzani, kule Unguja? Mmoja akasema ni moyo wa kikomunisti, mwingine akasema walifuata karafuu. Mimi mtoto wa Kamunyonge nikabaki na jibu langu, na ndilo hili hapa. Jamaa walikuwa wanatafuta jina.

Tuanze na ramani. Ujerumani iliposhindwa vita mwaka 1945 iligawanywa. Upande wa magharibi ukawa nchi yenye makao makuu Bonn, na upande waliokuwa wameukalia Wasovieti ukatangazwa jamhuri tarehe 7 Oktoba 1949. Eneo lake ni kilometa za mraba kama 108,000 tu, yaani ungeiweka ndani ya Tanzania mara nane na nafasi ingebaki. Ila msiidharau kwa watu: miaka ya 1960 walikuwa kama milioni 17, wakati sensa yetu ya 1967 ilihesabu kama milioni 12. Kaskazini ni bahari ya Baltiki, mashariki Poland, kusini Chekoslovakia. Halafu kuna kituko cha Berlin. Jiji lilikuwa ndani kabisa ya nchi hiyo, lakini nusu yake ilikuwa ya upande wa Magharibi. Fikiria Ukerewe, ila badala ya maji kimezungukwa na nchi ya watu wengine.

Hicho kisiwa ndicho kilikuwa tundu la kutorokea. Kati ya 1949 na 1961 watu karibu milioni 3 waliondoka, wengi wao vijana wenye ufundi na elimu. Serikali ikaona nchi inabaki tupu, ikaanza kujenga ukuta tarehe 13 Agosti 1961. Watu wasiopungua 140 walikufa kwenye ukuta huo. Hapo jiulize: serikali inayolazimika kuwafungia raia wake ndani, nje itaheshimiwaje?

Utawala wake ulikuwa wa chama. Chama cha SED ndicho kiliongoza, chini ya Walter Ulbricht na baadaye, toka 1971, Erich Honecker. Vyama vingine vilikuwepo, lakini vyote viliingia kwenye orodha moja ya wagombea, na matokeo yalitangazwa asilimia 99 na ushee. Na sisi mwaka 1965 tulikuwa na chama kimoja bara, TANU, ila majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili, mmoja jembe mwingine nyumba, na mawaziri walianguka kweli, akiwemo Waziri wa Fedha Paul Bomani. Kwa hiyo anayesema Nyerere alinakili Ujerumani Mashariki, aangalie tena. Juu ya yote kulikuwa na usalama wao, Stasi, uliokuwa na waajiriwa kama 91,000 ilipofika 1989.

Uchumi sasa. Viwanda vilikuwa vya umma, na kufikia 1960 karibu wakulima wote walikuwa wameingizwa kwenye mashamba ya ushirika. Wazee wetu wa Mara waliohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 wangeelewa habari hiyo bila mkalimani. Nishati yao kubwa ilikuwa makaa ya mawe ya kahawia, machafu ile mbaya, yanayotoa moshi mzito. Mkate na kodi ya nyumba vilikuwa bei chee, na kila mtu alikuwa na kazi. Lakini ukitaka gari, Trabant, unajiandikisha na kusubiri hata zaidi ya miaka kumi. Bodi ya gari lenyewe ilitengenezwa kwa mabaki ya pamba yaliyoshindiliwa na gundi ya kemikali. Wana wa Bunda mnaolima pamba, mmesikia? Mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ilipopanda, serikali ikawaletea wananchi kahawa iliyochanganywa na vitu vingine karibu nusu kwa nusu. Watu walilalamika mpaka serikali ikaenda kutafuta kahawa Ethiopia, nayo ikalipa kwa silaha.

Sasa turudi kwenye jina. Bonn ilisema Mjerumani ni mmoja na msemaji wake ni Bonn. Toka 1955 ikawa na Kanuni ya Hallstein: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki itahesabiwa imefanya uadui, na inaweza kukatiwa uhusiano. Kwa hiyo kanchi haka kenye viwanda na mamilioni ya watu kalikuwa kama mtu asiye na cheti cha kuzaliwa. Nje ya kambi ya kikomunisti karibu kila mlango ulifungwa.

Ndipo yakaja Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964. Kabla mwezi haujaisha Zanzibar ikaitambua, na ikawa ya kwanza Afrika. Jamaa walifurahi! Wakaleta wataalamu, walimu, na hizo nyumba. Kisiwa cha watu laki tatu na kitu kilipata msaada ambao nchi kubwa hazikuupata, kwa sababu kilikuwa na kitu ambacho hazikuwa nacho: saini.

Lakini 26 Aprili 1964 tukaungana, na balozi ile ikawa mzigo wa Mwalimu. Bonn ilikuwa inatusaidia sana, ikiwemo kufundisha kikosi chetu cha anga, na ikataka Wajerumani Mashariki waondolewe. Zanzibar haikutaka kuwaacha. Mwalimu akatafuta njia ya katikati: mapema 1965 akawaruhusu kufungua ofisi ya konseli Dar es Salaam, bila kuwatambua rasmi. Bonn haikuridhika, ikaondoa msaada wa kijeshi ghafla. Mwalimu akawaambia basi chukueni na misaada yenu mingine ya serikali. Mafunzo ya anga wakaja kuyachukua Wakanada.

Hasara ilikuwepo, tusidanganyane. Ujerumani Mashariki haikuwa na ubavu wa kuziba pengo lote. Lakini nadhani Mwalimu aliona kwamba ukikubali leo mwenye msaada akuchagulie nani awe na ofisi mjini kwako, kesho atakuchagulia na mambo mengine. Mtoto wa Butiama hakutaka kulifungua hilo faili.

Na angalieni mwisho wake. Mwaka 1972 Wajerumani wawili wakapatana wenyewe kwa wenyewe, Tanzania ikaitambua Mashariki, na 1973 wote wakaingia Umoja wa Mataifa. Ugomvi tuliolipia sisi ukaisha mezani kwao. Mwaka 1983 Honecker, akiwa na madeni shingoni, akakopa marki bilioni moja kutoka mabenki ya huko huko Magharibi. Ukuta ukafunguliwa 9 Novemba 1989, na tarehe 3 Oktoba 1990 nchi yenyewe ikafutika kwenye ramani.

Kwa hiyo wale wa semina, msiulize tu aliyejenga alikuwa mwema au mbaya. Ulizeni alikuwa anakosa nini. Kila msaada unaoingia nchini una kitu anachokitafuta anayeutoa, na anayejua bei hiyo mapema ndiye anayeweza kusema hapana kama Mwalimu alivyosema 1965. Mlioko kozi za uchumi najua mna hoja za kunipinga, hasa juu ya hasara ile. Leteni, nawasubiri.