Weka nakala kabla ya kufomati: historia fupi ya kuhifadhi uzazi

Sisi watu wa tarakilishi tuna sheria moja: usifomati diski kabla ya kuweka nakala ya akiba. Leo naacha programu kidogo niwasimulie jinsi sheria hiyo ilivyofika hospitalini, na jinsi ilivyochelewa.

Dawa za kemotherapi huua seli za saratani, lakini huweza pia kuharibu seli zinazotengeneza mbegu za kiume, na mayai yaliyomo kwenye ovari. Mgonjwa anapona, mtoto hapati.

Mwaka 1949 huko Uingereza, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo. Zilikuwa zikifa, hadi walipotumia chupa iliyodhaniwa kuwa na sukari. Kumbe lebo zilichanganyika! Ndani mlikuwa na gliseroli, ambayo hukinga seli zisiharibiwe na barafu. Mwaka 1953 Raymond Bunge na Jerome Sherman wa Iowa, Marekani, wakaripoti mimba za binadamu zilizotokana na mbegu zilizogandishwa.

Wanawake walingoja zaidi. Yai ni seli kubwa yenye maji mengi, na barafu huliharibu upesi. Christopher Chen wa Australia aliripoti mimba ya yai lililogandishwa mwaka 1986. Kisha mwaka 2004, Ubelgiji, alijifungua mwanamke ambaye vipande vya ovari yake viligandishwa mwaka 1997 kabla ya kutibiwa saratani. Jacques Donnez na wenzake ndio waliovirudisha mwilini.

Sasa tazameni tarehe. Kwa wanaume, nakala iliwezekana tangu 1953. Wapo madaktari walioitumia mapema, lakini mwongozo wa ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, wa kuwataka wazungumze na mgonjwa kuhusu uzazi kabla ya matibabu, ulitoka 2006. Miaka 53! Mashine zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Mwanamume hutoa mbegu kwa siku moja tu. Kwa mwanamke, kukuza na kuvuna mayai huchukua kama wiki mbili. Gharama nayo si ndogo, na si kila hospitali ina huduma hii. Kwa hiyo ndugu yangu, ukiugua au ukimsindikiza mgonjwa, uliza kabla ya dozi ya kwanza: "Daktari, na uzazi je?" Diski ikishafomatiwa, mara nyingi hakuna cha kurejesha.