Papa Gregory wa 15 na Ziwa Letu

Sisi tukaao Kigoma, Ujiji na kando ya ziwa twajua kwamba Mapadre Weupe walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Lakini kazi yao ilitoka wapi? Jibu latupeleka Roma, zaidi ya miaka 250 kabla ya siku hizo.

Mwaka 1621 makadinali walimchagua Alessandro Ludovisi, mwenyeji wa Bologna, awe Papa, akaitwa Gregory wa 15. Alikuwa mzee wa miaka 67, mwenye afya dhaifu, akatawala miaka miwili na miezi mitano tu. Hakukosa lawama, kwani alimtajirisha Ludovico, mwana wa ndugu yake, na fedha nyingi alizitoa kwa vita vya dini vya Ulaya.

Hata hivyo alitengeneza mambo mawili makubwa. La kwanza, aliamuru Papa achaguliwe kwa kura ya siri. La pili, mwaka 1622 aliweka baraza la makadinali la kueneza imani, liitwalo Propaganda Fide. Kabla ya hapo wafalme wa Ureno na Hispania ndio waliosimamia mapadre katika nchi walizozishika, na mara nyingi msalaba ulifuatana na bunduki. Gregory alitaka kazi hiyo isiwe mali ya wafalme.

Mwaka 1659, Gregory akiwa amekwisha kufa zamani, baraza lake liliwaagiza maaskofu waendao Asia wasiwalazimishe watu kuacha desturi zao, ila zile zipinganazo wazi na dini na mwenendo mwema.

Mwaka 1878 kazi ya nchi za maziwa ilikabidhiwa kwa Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers. Mapadre wake wakaondoka Bagamoyo kwa miguu. Padre Pascal akafa njiani, wenzake wakafika Ujiji. Lavigerie aliwaamuru waseme lugha ya wenyeji na kula chakula chao. Mwaka 1885 wakapewa boma la Karema, kusini mwa pwani yetu. Huko ndiko alikofika Adrien Atiman mwaka 1889, mtu wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani utotoni, akakombolewa, akasomea uganga Malta. Aliwatibu watu wa Karema hata alipofariki mwaka 1956.

Je, agizo la 1659 lilifuatwa sikuzote? La, mahali pengi ngoma zetu zilikatazwa. Lakini neno lililoandikwa halifi pamoja na mwandishi wake, na wajao baadaye waweza kulidai. Hapo twaacha kwa leo.