Bendera iliyomsubiri Kapteni Owen

Manowari Leven ilipoingia Mombasa tarehe 7 Februari 1824, bendera ya Uingereza ilikuwa tayari inapepea juu ya Ngome ya Yesu. Hakuna Mwingereza aliyeipandisha. Ilishonwa papo hapo mjini kwa amri ya Wamazrui, watawala wa Mombasa, ambao walikuwa wamechoka kuzingirwa na merikebu za Sayyid Said wa Oman. Miezi miwili kabla, nahodha wa manowari nyingine ya msafara huohuo wa Waingereza, Alexander Vidal wa Barracouta, aliombwa awape bendera akakataa, akisema hana mamlaka hayo. Basi wakajishonea.

Mkuu wa msafara, William Fitzwilliam Owen, naye hakuwa na mamlaka hayo. Tofauti ni kwamba yeye hakulijali sana hilo.

Alizaliwa Manchester mwaka 1774, mtoto wa nje ya ndoa wa ofisa wa jeshi la majini, na baba akafariki mtoto akiwa bado mdogo mno. Mwaka 1788 aliingizwa melini, akiwa na umri ambao leo tungesema mtoto yuko darasa la saba au la nane, na kazi ya bahari ikawa ndiyo maisha yake mpaka uzeeni. Mwaka 1808 Wafaransa walimteka, wakamfungia Mauritius kwa takriban miaka miwili. Baadaye alipelekwa Kanada kupima Maziwa Makuu ya huko, na hapo ndipo sifa yake ya upimaji ilipojengeka. Mwaka 1821 akakabidhiwa kazi kubwa kuliko zote: kuchora ramani ya pwani ya Afrika, ambayo manahodha wa Ulaya walikuwa bado wakiitembea kwa kubahatisha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Mashua inashushwa, wapiga makasia wanakwenda polepole, baharia mmoja anatupa bildi. Kipande hicho cha risasi kina tundu chini lililojazwa shahamu. Kikigusa sakafu ya bahari, kinarudi kimenasa mchanga, tope au vipande vya matumbawe. Nahodha anapata kina kwa pima, na anajua pia kama nanga itashika. Kisha wanasogea kidogo na kutupa tena, siku nzima, mwezi baada ya mwezi, kuanzia kusini mwa Afrika hadi Msumbiji, Kilwa na Lamu.

Kilichowaua si mawimbi. Kupima mlango wa mto ni kulala kwenye mikoko, na katika ghuba ya Delagoa, ilipo Maputo ya leo, homa iliwafyeka mwaka 1822. William Cutfield, nahodha wa kwanza wa Barracouta, alikuwa miongoni mwa waliokufa. Hakuna aliyejua habari za mbu. Madaktari wa zama zile walitibu homa kwa kumtoa mgonjwa damu. Mpaka safari inakwisha mwaka 1826, zaidi ya nusu ya waliotoka Uingereza na Owen walikuwa wamezikwa Afrika au wametoswa baharini. Ramani zilizotokana na safari hiyo zilifikia kama 300.

Mtu aliyezika wenzake kiasi hicho huenda haogopi tena barua za wakubwa. Owen alikuwa mcha Mungu mkali aliyechukia biashara ya watumwa. Mkataba wa mwaka 1822 baina ya Uingereza na Sayyid Said, uliozuia kuwauzia Wakristo watumwa, aliuona haufai kitu. Alikwenda Muscat akamwambia Sayyid usoni kwamba Mombasa wakiomba ulinzi atawapa. Tarehe 9 Februari 1824 akatia sahihi mkataba na Wamazrui, wenye masharti haya: Uingereza iwarudishie Wamazrui Pemba na pwani waliyonyang'anywa, ukoo wao uendelee kutawala, mapato ya forodha yagawanywe nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa ikome Mombasa.

Hapa sikubaliani na wanaousimulia mkasa huu kana kwamba Mwingereza alikuja kuwaghilibu washamba. Mombasa ilikuwa mji wa siasa kali, mji wa Muyaka bin Haji, mshairi aliyewatetea Wamazrui kwa ulimi usio na mfano. Walijua wanachokitaka: bendera ya kumtisha Said. Mambo ya watumwa na forodha huenda walidhani yatajadiliwa baadaye.

Owen alisafiri na Mubarak bin Ahmed wa ukoo huo hadi Pemba kuidai, liwali wa Sayyid akakataa, wakaondoka mikono mitupu. Mombasa alimwacha luteni John James Reitz na wenzake wachache mno. Reitz akafa kwa homa Mei 1824. Jina lake ndilo hilo linalotamkwa kila siku na makondakta wa matatu za Port Reitz. Aliyemfuata, luteni James Emery, alishinda akigombana na wenyeji juu ya nusu ya forodha, ambayo sasa ilianza kuwauma. Bombay na London nazo zilikuwa na hesabu zao: Oman ilikuwa rafiki muhimu katika njia ya India, na Mombasa haikustahili kuuvunja urafiki huo. Julai 1826 bendera ikashushwa, Emery akaondoka.

Owen aliendelea na yake. Mwaka 1827 alianzisha kituo katika kisiwa cha Fernando Po, Afrika Magharibi, baada ya hapo akahamia Campobello, kisiwa cha Kanada alichokuwa nacho baba yake, akapima ghuba ya Fundy, akapandishwa cheo hadi makamu admirali, akafariki mwaka 1857.

Wamazrui walipambana na Said peke yao hadi mwaka 1837, viongozi wao walipokamatwa kwa hila na kupelekwa Bandar Abbas. Miongoni mwao alikuwamo Rashid bin Salim. Waingereza waliporudi kuitawala pwani mwaka 1895, mwanawe, Mbaruk bin Rashid, aliwakabili kwa bunduki. Boma lake la Mwele liliangushwa Agosti mwaka huo na askari wa manowari wakiongozwa na Admirali Harry Rawson, na mwaka uliofuata Mbaruk akavuka mpaka na watu wake kuingia upande wa Wajerumani.