Abiria wa Ziwa Letu

Watu wa pwani wakitaja safari ya meli hutaja bahari. Sisi hatuna bahari, lakini tuna jirani mkubwa, Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Aliye katikati yake haoni nchi kavu upande wo wote. Leo twataka kueleza safari ya abiria wa ziwa hili, na jambo moja limpasalo kukumbuka.

Kwanza, meli zilifikaje, nazo haziwezi kupanda maporomoko ya mto Nile? Ziliundwa Ulaya, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa Mombasa, kisha zikachukuliwa bara na kuungwa tena. William Mackinnon ilitiwa majini Kisumu mwaka 1900, kabla reli haijafika huko; reli ilifika mwaka 1901. Zikafuata Winifred na Sybil, na baadaye Usoga na Rusinga. Hata Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ililetwa vivyo hivyo.

Mtu wa Ngara aliyetaka kusafiri kwa meli alishuka Biharamulo, penye boma lililojengwa na Wadachi, ndipo akashika njia ya Nyamirembe ziwani, au akaenda mbele hata Bukoba. Meli ya Mwanza husafiri usiku kutoka Bukoba. Hutia nanga Kemondo kupakia ndizi na watu. Wa daraja la kwanza hulala vitandani katika vyumba. Zamani wa daraja la tatu walikaa mabenchini, au walitandika mikeka kati ya mizigo. Mama hulisha watoto chakula alichofunga nyumbani, wazee huongea mpaka usingizi ukawashika. Kunapopambazuka, majabali ya Mwanza huonekana, na kila mtu husimama kutazama.

Lakini kuna asubuhi moja ambayo wengi hawakuyaona majabali hayo. Tarehe 21 Mei 1996 meli Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Watu mamia walikufa, na mpaka leo hakuna ajuaye hesabu yao kamili. Maskini aliyelipa nauli ndogo alizama bila jina lake kuandikwa po pote, na jamaa zake walikwenda gatini kuuliza habari ambayo karatasi haikuwa nayo.

Twaona, basi, ya kuwa orodha ya abiria si kazi ya makarani tu. Meli huelea kwa kipimo. Mzigo ukizidi, au ukirundikwa juu, hupoteza mizani, na hapo ustadi wa nahodha haufai kitu. Aandikaye majina ndiye ajuaye kipimo kimefika.

Victoria ilitengenezwa upya ikarudi ziwani mwaka 2020. Nanyi vijana mtakaopanda meli, msione haya kungoja jina liandikwe, wala msione hasara kuiacha meli iliyokwisha kujaa. Aliyechelewa siku moja hufika. Nyumbani hawana budi kumngojea tu.